Ushindi na Ubora: Mipangilio ya Kumbukumbu na Upekuzi katika Mashindano ya Injini za Sataranji

IKISIRI

Makala haya yanachunguza namna ukubwa wa kumbukumbu, muda wa kufikiri na mipangilio mingine ya upekuzi inavyoathiri matokeo ya mashindano baina ya injini za sataranji, yaani programu za kompyuta zinazocheza mchezo huo. Mfano wetu mkuu ni mashindano ya AlphaZero na Stockfish yaliyotangazwa mwaka 2017, kisha yakarudiwa kwa mipangilio tofauti na kuchapishwa mwaka 2018. Tunadai kwamba kitenzi -shinda hubeba dhana mbili, tukio la kushinda na sifa ya kuzidi, na kwamba mtafiti hana ruhusa ya kutoka katika dhana ya kwanza hadi ya pili bila kutaja mipangilio iliyotumika. Tunaonyesha vilevile kwamba mabadiliko ya mipangilio hayakumgeuza mshindi, lakini kiasi cha ushindi kilipungua takribani kwa nusu.

1.0 Utangulizi

Katika semina moja ya uzamili, tulipokuwa tukijadili njeo na hali katika Kiswahili, mwanafunzi mmoja aliandika ubaoni sentensi ambayo kwa maoni yake ilikuwa taarifa ya kweli isiyohitaji mjadala: "AlphaZero huishinda Stockfish." Alikusudia kutoa mfano mwepesi wa kiambishi hu- cha mazoea. Mwenzake aliyeufahamu mchezo wa sataranji alipinga mara moja. Alisema kwamba sentensi sahihi ni "AlphaZero iliishinda Stockfish", na kwamba tofauti ya li na hu katika sentensi hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya sarufi. Saa nzima iliyobaki ilitumika katika jambo hilo, na makala haya ni matunda ya mjadala ule.

Huenda msomaji akauliza, mambo ya kompyuta na sataranji yanamhusu nini mwanaisimu? Jibu letu ni kwamba yanamhusu kwa njia mbili. Kwanza, taarifa za ushindi ni taarifa za ulinganishi, na ulinganishi ni suala la semantiki. Pili, wanafunzi wetu wengi sasa wanazilinganisha programu za lugha, na kosa linalofanyika katika kuzilinganisha injini za sataranji ndilo linalofanyika katika kazi zao.

Kabla ya kuendelea ni vema tuseme neno juu ya istilahi. Neno sataranji limeingia katika Kiswahili kutokana na Kiarabu shatranj, ambalo asili yake ya mbali ni Kisanskriti chaturanga, maana yake jeshi lenye sehemu nne. Katika makala haya, mwendo ni kitendo cha upande mmoja kusogeza kete yake. Hali ya ubao ni mpangilio wa kete zote pamoja na taarifa kwamba zamu ni ya nani. Upekuzi ni kazi ya injini ya kuchunguza miendo inayowezekana. Na kina ni idadi ya miendo ambayo upekuzi umeitazama mbele.

2.0 Kitenzi -shinda na tatizo la ulinganishi

Kiswahili hakina kiambishi cha kuonyesha kwamba kitu kimoja kimekizidi kingine kwa sifa fulani. Badala yake hutumia maneno kama vile kuliko, kupita na kushinda. Tunasema "Asha ni mrefu kumshinda Ali" bila kukusudia kwamba Asha na Ali wamewahi kushindana. Tunasema pia "Asha alimshinda Ali" tukikusudia kwamba lilitokea shindano na Asha akaibuka mshindi. Katika sentensi ya kwanza -shinda ni alama ya sifa inayodumu. Katika ya pili ni jina la tukio lililotokea mahali fulani, siku fulani, chini ya masharti fulani.

Mara nyingi maana hizi mbili hazigongani. Anayemshinda mwenziwe kwa urefu leo atamshinda kesho, iwe kwa futi au kwa mita. Tatizo huanza pale sifa inayolinganishwa inapokuwa haionekani ila kwa kupitia tukio. Nguvu ya injini ya sataranji ni sifa ya namna hiyo. Hakuna kipimo cha kuiwekea kando ya ubao. Tunaijua kwa kuzichezesha injini mbili na kuhesabu matokeo. Kwa hiyo msemaji hulitazama tukio (iliishinda), kisha akalitangaza kuwa ni sifa (huishinda). Daraja baina ya kauli hizo mbili ni mipangilio ya shindano. Ikiwa mipangilio haikutajwa, daraja halipo.

Ili kuona uzito wa daraja hilo, hatuna budi kueleza jinsi injini inavyofanya kazi.

3.0 Jinsi injini inavyopekua

3.1 Mti wa miendo na upogoaji

Mwaka 1950 Claude Shannon alichapisha makala yaliyoweka misingi ya kuiwezesha kompyuta kucheza sataranji. Wazo la msingi ni jepesi. Injini hutazama kila mwendo inaoweza kuufanya, kisha kila jibu la mpinzani, kisha kila jibu la jibu hilo, mpaka ifikie kina fulani. Hapo huipima kila hali ya ubao na kuipa alama. Matokeo ya kazi hiyo huchukua umbo la mti wenye matawi mengi.

Ugumu ni wingi wa matawi. Tukikadiria miendo 35 inayowezekana katika kila zamu, mti wa kina cha miendo 8 una ncha zipatazo trilioni 2.25. Hapana budi mti huo upogolewe. Njia iliyozoeleka huacha kulichunguza tawi mara tu inapothibitika kwamba haliwezi kubadili uamuzi. Donald Knuth na Ronald Moore, katika makala yao ya mwaka 1975, waliichambua njia hiyo kihisabati. Kwa mfano wetu wa matawi 35 na kina cha 8, idadi ya ncha za lazima hushuka hadi 3,001,249 endapo katika kila hatua mwendo bora utatangulia kuchunguzwa.

Msomaji atambue sharti lililomo katika sentensi hiyo ya mwisho. Upogoaji hufaulu ikiwa mwendo bora utatangulia. Ukichelewa, matawi mengi yasiyo na faida huchunguzwa kwanza. Je, injini itaujuaje mwendo bora kabla ya kuutafuta? Jibu liko katika kumbukumbu.

3.2 Jedwali la kumbukumbu

Hali moja ya ubao yaweza kufikiwa kwa njia nyingi. Mchezaji akianza na askari wa malkia, kisha akasogeza askari wa upande wa pili wa ubao, au akitanguliza wa pili na kumalizia na wa kwanza, mwisho wa yote ubao ni ule ule. Mgeni wa Mji Mkongwe wa Unguja hulijua jambo hili: vichochoro vingi, baraza moja. Injini isiyo na kumbukumbu ingelichunguza baraza hilo upya kila inapotokea katika kichochoro kingine.

Kwa sababu hiyo injini huweka jedwali ambamo huandika kila hali iliyokwisha kuichunguza, pamoja na alama yake, kina kilichofikiwa na mwendo uliothibitika kuwa bora. Programu ya Mac Hack iliyoandikwa na Richard Greenblatt katika miaka ya 1960 ilikwisha kulitumia jedwali la aina hii, na mwaka 1970 Albert Zobrist alitoa njia ya haraka ya kuipa kila hali namba yake ya utambulisho. Injini nyingi za leo bado zinaifuata njia hiyo.

Mfano mmoja unaopendwa na wataalamu unatoka katika kitabu cha Reuben Fine juu ya mwisho wa mchezo, kilichochapishwa mwaka 1941, ambamo ni kielelezo cha 70. Mfalme mweupe yuko a1, na askari wake wako a4, d4, d5 na f4. Mfalme mweusi yuko a7, na askari wake wako a5, d6 na f5. Zamu ni ya mweupe. Askari wote wamezuiana, hivyo mwanzoni ni wafalme tu wanaoweza kutembea. Mwendo sahihi ni mfalme kwenda b1, lakini sababu ya usahihi wake huonekana baada ya miendo mingi sana.

Sasa tupige hesabu. Wafalme wawili katika ubao wenye nyumba 64 hawawezi kuunda zaidi ya hali 8,192, hata tukihesabu kila zamu na kujumlisha hali zisizoruhusiwa. Hata hivyo, tukikadiria miendo 5 tu kwa kila zamu, mfuatano wa miendo 20 una njia zinazozidi trilioni 95. Injini isiyo na jedwali huzifuata njia. Injini yenye jedwali huzihesabu hali. Ya kwanza hupotea katika trilioni, na ya pili hulipata jibu upesi. Programu ni ile ile, kanuni za kupima ubao ni zile zile, na kilichoongezwa ni nafasi ya kukumbuka tu.

Jedwali lina faida ya pili, ambayo pengine ni kubwa kuliko ya kwanza. Injini huanza kupekua kwa kina kidogo, kisha hurudia kwa kina kikubwa zaidi, na tena zaidi. Mwendo bora uliopatikana katika mzunguko uliopita huhifadhiwa ndani ya jedwali, na ndio unaotangulizwa katika mzunguko unaofuata. Hivi ndivyo sharti la upogoaji tulilolitaja linavyotimizwa. Jedwali likijaa, taarifa mpya hufuta za zamani. Injini inayosahau haipotezi majibu tu. Inapoteza pia mpangilio mzuri wa kuchunguza, na mti wake hunenepa.

Haifai kudhani kwamba jedwali kubwa ni bora daima. Shindano la sekunde moja kwa mwendo halilijazi jedwali kubwa, na jedwali linalozidi kumbukumbu halisi ya kompyuta huilazimisha mashine kuhamishia taarifa katika diski, jambo ambalo huichelewesha mno. Kwa hiyo ukubwa wa jedwali hauna maana peke yake. Maana yake hutokana na uhusiano wake na kasi ya injini pamoja na muda iliopewa.

3.3 Muda

Muda nao hupangwa kwa njia zaidi ya moja. Yawezekana kila mwendo ukapewa dakika moja, wala si zaidi wala si pungufu. Yawezekana pia mchezaji akapewa saa kadhaa kwa mchezo mzima, akaachiwa azigawe apendavyo. Wanaoandika injini kama Stockfish wameweka juhudi kubwa katika kuifundisha wakati wa kuharakisha na wakati wa kutafakari. Panapokuwa na mwendo mmoja tu wa maana, hucheza papo hapo. Panapokuwa na hatari, hutumia muda mrefu. Shindano la dakika moja kwa kila mwendo huiondoa stadi hiyo katika mizani. Si udanganyifu, lakini kinachopimwa kimebadilika.

4.0 Mashindano ya 2017 na ya 2018

4.1 Taarifa ya kwanza

Mnamo Desemba 2017 watafiti wa DeepMind, kampuni iliyo chini ya Google, walitoa taarifa juu ya programu yao AlphaZero. Programu hiyo haikufundishwa chochote ila kanuni za mchezo. Ilijifunza kwa kucheza dhidi ya nafsi yake. Waliishindanisha na Stockfish 8, toleo la mwaka 2016 la injini ambayo wakati huo ilikuwa miongoni mwa zilizo imara kabisa. Katika michezo 100, AlphaZero ilishinda 28, ikatoka sare 72, na haikushindwa hata mmoja.

Mipangilio ilitajwa ndani ya taarifa yenyewe. Kila mwendo ulipewa dakika moja. Stockfish ilitumia nyuzi 64 za uchakataji na jedwali la gigabaiti 1. AlphaZero ilitumia vichakataji 4 vilivyobuniwa maalumu kwa mitandao ya neva. Stockfish ilichunguza hali zipatazo milioni 70 kwa sekunde, na AlphaZero 80,000.

Magazeti yalichukua namba 28, 72 na 0, yakaiacha mipangilio. Waliozijua injini walifanya kinyume chake. Tord Romstad, mmoja wa waanzilishi wa Stockfish, alieleza kwamba matokeo hayo hayakuwa na maana kubwa kwa sababu ya muda usiobadilika na mipangilio iliyochaguliwa kwa Stockfish, ukiwamo udogo wa jedwali kwa idadi ile ya nyuzi.

Malalamiko juu ya jedwali yanaweza kupimwa kwa hesabu. Katika Stockfish 8 kila kikundi cha baiti 32 kilibeba taarifa za hali 3. Kwa hiyo gigabaiti 1 ilitosha hali zipatazo milioni 100. Kwa kasi ya milioni 70 kwa sekunde, dakika moja huzalisha hali bilioni 4.2. Yaani, kwa kila nafasi moja ndani ya jedwali palikuwa na hali 42 zilizopitiwa katika mwendo mmoja tu. Ni kweli kwamba nyingi kati ya hizo zilijirudia na hazikuhitaji nafasi mpya, hivyo namba hiyo ni kadirio la juu. Hata hivyo inatosha kuonyesha kwamba jedwali lilikuwa likiandikwa na kufutwa mfululizo. AlphaZero, ambayo maarifa yake yamo ndani ya mtandao wa neva, haikutegemea jedwali la namna hiyo. Ufinyu wa kumbukumbu uliuelemea upande mmoja.

4.2 Taarifa ya pili

Mnamo Desemba 2018 watafiti wale wale walichapisha makala kamili katika jarida la Science. Safari hii mipangilio ilifuata ile ya fainali ya mwaka 2016 ya TCEC, mashindano ya hadhara ya injini za sataranji. Stockfish ilipewa viini 44 vya kichakataji, jedwali la gigabaiti 32, na majedwali ya Syzygy, ambayo yana majibu kamili ya hali zenye kete chache. Muda ulikuwa saa 3 kwa mchezo, na nyongeza ya sekunde 15 kwa kila mwendo.

Tukirudia hesabu yetu, jedwali la gigabaiti 32 hubeba hali zipatazo bilioni 3.2. Stockfish sasa ilichunguza hali milioni 60 kwa sekunde. Tukichukua mfano wa mchezo wenye miendo 60 kwa kila upande, wastani wa muda ni sekunde 195 kwa mwendo, ambazo huzalisha hali bilioni 11.7. Kwa hiyo palikuwa na hali zisizofika 4 kwa kila nafasi, badala ya 42.

Matokeo ya michezo 1,000 yalikuwa haya: AlphaZero ilishinda 155, ilishindwa 6, na michezo 839 ilikuwa sare. Aidha, makala hayo yalionyesha kwamba AlphaZero iliendelea kuongoza hata Stockfish ilipopewa muda mara 10 zaidi, na hata ilipokabiliwa na toleo jipya zaidi la Stockfish.

4.3 Kulinganisha matokeo mawili

Katika mashindano ya kwanza AlphaZero ilipata pointi 64 kati ya 100, yaani asilimia 64. Katika ya pili ilipata pointi 574.5 kati ya 1,000, yaani asilimia 57.45. Kwa kipimo cha Elo, kinachotumiwa kukadiria tofauti ya nguvu baina ya wachezaji, asilimia ya kwanza ni sawa na tofauti ya alama 100, na ya pili ni sawa na alama 52.

Je, tofauti hiyo yaweza kuwa bahati tu? Tukiichukulia kila mchezo kuwa huru na mingine, mipaka ya asilimia 95 kwa mashindano ya kwanza ni kati ya alama 68 na 134. Kwa mashindano ya pili ni kati ya 44 na 60. Mipaka hiyo haigusani. Kwa hiyo ni vigumu kusema kwamba pengo lilipungua kwa bahati.

Hata hivyo hatuwezi kusema kwamba lilipungua kwa sababu ya jedwali. Vilivyobadilika ni vingi kwa pamoja: jedwali, muda, idadi ya viini, na majedwali ya mwisho wa mchezo. Mwanafonolojia hulijua tatizo hili. Ili kuthibitisha kwamba /p/ na /b/ ni fonimu mbili tofauti katika Kiswahili, hutafuta jozi mlinganuo finyu kama pata na bata, ambamo sauti moja tu imebadilika. Hakuna atakayekubali ushahidi wa pata na ndizi. Mashindano ya 2017 na ya 2018, yakichukuliwa pamoja, si jozi mlinganuo finyu.

Mfano wa jozi hiyo katika sataranji tunaupata katika majaribio ya Ken Thompson, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Thompson aliishindanisha programu yake Belle na nafsi yake, huku akibadilisha kina cha upekuzi tu. Toleo lililotazama mbele mwendo mmoja zaidi lilishinda sehemu kubwa ya michezo. Hapo mtu anaweza kusema kwa ujasiri kwamba kilicholeta ushindi ni kina.

5.0 Mjadala

Tunaona kwamba pande zote mbili za mabishano ya 2017 zilikuwa na sehemu ya haki na sehemu ya kosa. Waliotangaza kwamba AlphaZero huishinda Stockfish kwa kiasi kile waliruka daraja. Kiasi cha ushindi kilikuwa mali ya mipangilio kwa sehemu kubwa, kwani mipangilio ilipobadilishwa, karibu nusu ya pengo ilitoweka. Lakini waliodai kwamba ushindi wote ulikuwa kiini macho nao walikosea. Mpinzani alipopewa kumbukumbu, muda wa kujigawia na majedwali aliyokuwa ameyakosa, mshindi alibaki yule yule. Kuonyesha kwamba jaribio lina dosari si sawa na kuonyesha kwamba jibu lake ni la uongo. Wanafunzi wa uzamili wanaojiandaa kuzihakiki kazi za wenzao wanapaswa kulikumbuka jambo hili, kwa sababu ni rahisi zaidi kuonyesha dosari kuliko kurudia jaribio.

Suala la pili ni nani anayepanga mipangilio. Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Methali hii haimshtaki mwambaji kwa nia mbaya. Inaeleza tu mkono wake ulipo. Aliyeiunda injini anazijua haja zake zote, ilhali haja za injini ya mpinzani anazisoma katika maelezo. Huhitaji hila ili kumpunja mpinzani, kutojua kunatosha. Ndiyo maana taarifa ya 2018 ina uzito kuliko ya 2017: mipangilio haikutoka kwa mshindani, ilitoka katika mashindano ya hadhara yaliyokwisha kufanyika.

Suala la tatu ni umri wa taarifa. Mwaka 2019 fainali mbili za TCEC zilikutanisha Stockfish na Leela Chess Zero, injini iliyojengwa hadharani kwa kuifuata njia ya AlphaZero. Ya kwanza ilikwenda kwa Stockfish kwa pointi 50.5 dhidi ya 49.5; ya pili ilikwenda kwa Leela kwa 53.5 dhidi ya 46.5. Mwaka 2020 Stockfish nayo ilianza kutumia mtandao wa neva katika kuupima ubao. Jina Stockfish halikubadilika, lakini kitu kinachoitwa kwa jina hilo kilibadilika. Sentensi yenye hu- hudai mazoea ya vitu viwili vinavyodumu. Hapa hata vitu vyenyewe havikudumu.

Kutokana na hayo, tunapendekeza kwamba taarifa yoyote ya ushindi baina ya programu mbili itaje angalau mambo haya:

(i) toleo kamili la kila programu;
(ii) aina na idadi ya vichakataji kwa kila upande;
(iii) ukubwa wa kumbukumbu, pamoja na uwiano wake na kasi na muda;
(iv) muda ulivyogawiwa, na kama programu iliruhusiwa kuugawa yenyewe;
(v) misaada ya nje, kama vile majedwali ya mwisho wa mchezo;
(vi) idadi ya majaribio na mipaka ya makadirio;
(vii) aliyeichagua mipangilio hiyo, na kwa kigezo gani.

Orodha hii inatufaa sisi kabla ya wachezaji wa sataranji. Mwanafunzi anayelinganisha programu mbili za kukagua tahajia za Kiswahili yuko katika hali ile ile. Programu moja yaweza kuwa na orodha ndefu ya maneno, na nyingine yaweza kuwa na orodha fupi lakini ikachanganua viambishi. Akizijaribu kwa habari za magazeti, ya kwanza yaweza kuongoza. Akizijaribu kwa vitenzi vyenye mnyambuliko mrefu, ya pili yaweza kuongoza. Akiandika katika tasnifu yake kwamba "programu A ni bora kuliko B" pasipo kutaja matini, ukubwa wa orodha na mipaka aliyoiweka, ameandika hu- mahali pa li-. Uamuzi utakaotegemea sentensi hiyo, kwa mfano wa chuo kununua programu moja na kuiacha nyingine, utakuwa umejengwa juu ya daraja ambalo halipo.

6.0 Hitimisho

Katika makala haya tumejaribu kuonyesha kwamba mipangilio ya kumbukumbu na upekuzi ni sehemu ya maana ya taarifa ya ushindi, wala si maelezo ya pembeni. Tumeona kwamba jedwali la kumbukumbu huamua si tu kile ambacho injini inakikumbuka, bali pia utaratibu wake wa kuchunguza. Kwamba ukubwa wa jedwali hupimwa kwa uwiano wake na kasi na muda. Na kwamba katika mfano wa AlphaZero na Stockfish, mipangilio ilipobadilishwa mshindi hakugeuka, ila tofauti ilishuka kutoka takribani alama 100 hadi 52. Kiasi gani cha upungufu huo kilitokana na kumbukumbu peke yake ni swali linalohitaji jaribio la jozi mlinganuo finyu: injini zile zile, muda ule ule, na jedwali pekee likibadilika.

Yule mwanafunzi aliyeandika sentensi ubaoni hakuifuta. Kabla ya kuondoka aliirekebisha, ikasomeka hivi: "AlphaZero iliishinda Stockfish 8 katika michezo 100, dakika moja kwa mwendo, jedwali la gigabaiti 1." Ni sentensi ndefu na haipendezi masikioni, lakini kila neno lililomo lina kazi.